Siku Nzima Baharini na Marafiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa hatuzungumzii safari nzima ya meli. Tunazungumzia ile siku moja, au mbili, au tano, ambazo meli haifungi gati popote: ukiamka ni maji, ukilala ni maji. Makundi ya marafiki huiulizia sana siku hii, na wengi huiulizia kwa wasiwasi kana kwamba ni pengo la kuzibwa. Kwangu mimi ndiyo siku tamu kuliko zote. Mengi ya majibu haya nimeyapata kwa kusafiri mara kadhaa na watu wale wale, wakiwemo wawili ambao safari ya kwanza nusura iwaachanishe.

Siku ya baharini ni nini hasa?

Ni siku ambayo meli inakata maji tangu alfajiri hadi usiku bila kuingia bandarini. Meli kubwa ya abiria huenda kwa mwendo wa noti 20 hivi, yaani maili 20 za baharini kwa saa, ambazo ni kama kilomita 37. Ikienda hivyo kwa saa 24 inakuwa imemaliza karibu kilomita 890. Bandari mbili zikiachana kwa umbali mkubwa kuliko mwendo wa usiku mmoja, siku ya baharini haikwepeki. Wanaovuka Atlantiki huzipata kwa wingi: meli ya Queen Mary 2 kutoka Southampton, Uingereza, hadi New York kwa kawaida hutumia siku saba, na katikati hakuna pa kushuka.

Watu walianza zamani kulipia safari isiyo na haraka ya kufika. Mwaka 1891 kampuni moja ya Hamburg ilikuwa na meli zilizokosa abiria majira ya baridi, maana nani anataka kuvuka Atlantiki ya kaskazini mwezi wa Januari? Mmoja wa wakuu wake, Albert Ballin, akaituma Augusta Victoria katika Mediterania na abiria 241 waliokwenda kutembea tu. Biashara ikakubali, na hiyo ndiyo mbegu ya meli za kitalii tunazozijua leo.

Hatutachoka kutazama maji kutwa?

Mnaweza kuchoka, kama mtaishi siku hiyo kwa saa za nyumbani. Saa mbili za kwanza mkono hutafuta simu wenyewe. Baada ya hapo kitu fulani hulegea, na utajikuta umeegemea reli dakika 40 bila kujua umezipeleka wapi. Anayetaka shughuli hatazikosa: kuna mihadhara, mashindano ya maswali, muziki, mazoezi, maktaba, karata. Kwa kweli siku ya baharini ndiyo meli hupanga mambo mengi zaidi, kwa kuwa abiria wote wamo ndani. Ratiba huletwa chumbani jioni ya kuamkia siku hiyo au huwekwa kwenye programu ya simu ya meli. Isome ukiwa na kalamu, uweke alama mambo mawili, mengine uyaache yapite.

Ni lazima tuwe pamoja siku nzima?

Hapana. Na kama utasoma jibu moja tu, basi soma hili.

Safari yetu ya kwanza tulikuwa sita. Mmoja wetu, mpenda mipango (ni mimi), aliandika ratiba kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita usiku: kifungua kinywa pamoja, mazoezi pamoja, bwawani pamoja, kila kitu pamoja. Kufika saa nne asubuhi watu wawili hawasemezani. Chanzo? Mmoja alitaka kukaa kivulini na kitabu, mwenzake akasema amekuja kustarehe na marafiki, si kutazamana na majalada ya vitabu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na sisi tulikuwa manahodha sita katika chombo ambacho tayari kina nahodha wake.

Safari ya pili tulikubaliana mambo mawili tu. Jua likizama tuwe sote sitaha ya nyuma. Kisha tuketi meza moja ya chakula cha jioni. Kabla ya hapo kila mtu na hamsini zake, na hakuna kuulizana "ulikuwa wapi?" kwa sauti ya polisi. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani zunguka nyuma (tezi) na mbele (omo) ya chombo, mwisho utarudi chini ndani yake (ngamani), nasi tukaifanya meza ile kuwa ngama yetu. Nililoligundua ni kwamba watu wakitawanyika huwa na cha kusimulia. Mmoja alikuwa ameona pomboo, mwingine amelala mchana kwa muda wa saa tatu kama mtoto, wa tatu amefundishwa dansi na bibi wa miaka 80 asiyejua lugha yake hata neno moja. Kama tungekuwa pamoja kutwa, mezani tungezungumzia nini?

Kundi likizidi watu wanane, hata meza moja inakuwa mashaka: wa huku hawasikii wa kule. Gawanyikeni meza mbili na mbadilishane viti kila usiku. Ombi la meza lifanywe mapema, wakati wa kulipia safari, na nambari zenu za safari ziunganishwe. Kulitafuta mkiwa tayari ndani ya meli ni bahati nasibu.

Tutatafutanaje simu zikiwa hazishiki mtandao?

Kwanza weka simu kwenye hali ya ndegeni kabla meli haijaondoka. Mbali na nchi kavu, simu yako inaweza kudaka mtandao wa meli unaopitia setilaiti, na bili yake inaweza kukuharibia likizo yote. Ukishazima, washa waifai peke yake. Meli nyingi zina programu inayowawezesha abiria kutumiana ujumbe humo humo ndani, kwa bure au kwa ada ndogo, bila kununua intaneti kamili.

Sisi tumerudi kwenye njia ya kizamani: mahali na saa. Milango ya vyumba vya meli mara nyingi ni ya chuma, hivyo sumaku moja na kipande cha karatasi vinatosha. "Nipo sitaha ya juu upande wa kivuli hadi saa tisa." Anayetaka atakuja.

Na hiyo saa iwe saa ya meli. Kila nyuzi 15 za longitudo ni saa moja ya tofauti, kwa hiyo meli inayokwenda mashariki au magharibi husogeza saa mbele au kuirudisha nyuma usiku, na tangazo hutolewa. Simu nyingine hujibadilisha zenyewe, nyingine hazibadiliki, na ndiyo maana huwa kuna mtu mmoja anayewasili mezani wenzake wameshafika kwenye kitindamlo. Saa ya kawaida ya mkononi, isiyo na akili yoyote, ndiyo rafiki yako.

Nikichafukwa na moyo je?

Bahari ikichafuka na moyo huchafuka, wala si jambo la aibu. Admeri Nelson wa Uingereza, aliyeongoza vita vya Trafalgar mwaka 1805, aliteswa na kichefuchefu cha bahari tangu ujana wake hadi mwisho.

Sababu ni ugomvi wa mashahidi wawili. Sikio la ndani, linalopima msawazo wa mwili, linasema tunayumba. Macho yanayotazama kuta za chumba yanasema tumetulia. Ubongo ukishindwa kuamua nani mkweli, tumbo hulipa. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kutoka nje na kukodolea macho mstari ule ambapo bahari inakutana na mbingu: mashahidi wote wawili huanza kusema jambo moja. Kaa katikati ya meli na sitaha za chini, ambako mwendo ni mdogo. Omoni na juu kabisa ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Usisome. Usitazame simu. Kula kidogo kidogo, maana tumbo tupu halisaidii kama wengi wanavyodhani. Tangawizi huwafaa baadhi ya watu.

Vidonge kama vya meklizini hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa kabla ya kuanza kuumwa, si baada. Kipo pia kibandiko cha skopolamini kinachowekwa nyuma ya sikio angalau saa 4 kabla, na hudumu hadi siku tatu. Dawa hizi nyingi huleta usingizi na hazipatani na pombe, na skopolamini haiwafai wenye shinikizo la macho, kwa hiyo muulize daktari au mfamasia kabla ya safari.

Meli kubwa za kisasa zina mapezi yanayochomozwa ubavuni chini ya maji kupunguza mrama, yaani kule kulala ubavu huu na ule. Hayazuii omo kupanda na kushuka. Wenzako wakikuambia "hizi meli hazitikisiki", waitikie kwa adabu na ubebe vidonge vyako.

Tuchague vyumba vya wapi?

Katikati, sitaha za chini au za kati, kwa sababu niliyoitaja. Tazameni pia ramani ya meli mjue juu ya vichwa vyenu kuna nini. Chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa husikia viti vikiburutwa alfajiri, na kilicho juu ya ukumbi wa muziki husikia ngoma hadi usiku wa manane. Si lazima vyumba vyote viwe na roshani. Kundi la watu sita lenye roshani moja hupata mahali pa kukutania, mradi mwenye roshani ni mkarimu na ana subira.

Je, viti vya bwawani ni vita kama tunavyosikia?

Siku ya baharini, ndiyo. Kufika saa tatu asubuhi viti vyote vya mbele vimelaliwa na taulo, wenyewe hawapo. Kampuni nyingi zina kanuni ya kuondoa vitu vilivyoachwa muda mrefu, lakini utekelezaji hutegemea mfanyakazi wa zamu na ujasiri wake. Msitume mtu mmoja kukamata viti sita. Huo ni uonevu kwa wengine, na huyo mtu mmoja atawakumbusha fadhila hiyo hadi siku ya kushuka. Tafuteni sitaha ya matembezi, ile inayozunguka meli chini ya mashua za uokoaji: kivuli kipo, upepo upo, na wengi hawajui hata kama viti vipo.

Jua la baharini likoje?

Linadanganya. Upepo hukupoza ngozi, husikii kuungua, na maji meupe ya bwawa hurudisha mwanga kutoka chini. Paka losheni ya kukinga jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Kofia iwe na kamba. Ya kwangu imeshatangulia bara jingine.

Zoezi la dharura tunaweza kulikwepa?

Hapana, na msijaribu. Titanic ilipozama Aprili 1912, mashua zake za uokoaji ziliweza kubeba watu 1,178, na ndani walikuwemo zaidi ya 2,200. Kutokana na msiba ule ndipo mataifa yalipotunga mkataba wa usalama wa maisha baharini mwaka 1914, SOLAS, ambao umefanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo. Januari 2012 Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, walikufa watu 32, na kati ya abiria walikuwemo waliopanda siku hiyo hiyo bila kufanyishwa zoezi. Sasa kanuni inataka abiria wapya wafanye zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka.

Kumbukeni mlio: honi fupi saba zikifuatiwa na moja ndefu. Kila mmoja ajue kituo chake cha kukusanyikia, kwa sababu marafiki wa vyumba tofauti wanaweza kupangiwa vituo tofauti. Mlio ukilia, usianze kumtafuta rafiki yako mesini au bwawani. Nenda kituoni kwako, naye aende kwake. Zungumzeni hili kabla, maana moyo wa urafiki utakuvuta kufanya kinyume.

Na usiketi juu ya reli, hata kwa picha. Ukiona mtu ameanguka baharini, piga kelele, tupa boya, kisha mnyooshee kidole bila kuondoa macho hata sekunde moja hadi mabaharia wafike. Kichwa cha mtu ndani ya mawimbi hupotea machoni upesi mno.

Kuna haja ya kunawa mikono kila mara?

Ipo. Virusi vya noro vinavyoleta kuhara na kutapika huenea haraka mahali watu wanaposhika kijiko kimoja cha bafe, na vitakasa mikono vya alkoholi havivimudu vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo mpango. Ukianza kuumwa, wajulishe zahanati ya meli na ubaki chumbani, hata kama ni usiku wa mavazi rasmi na umeshapiga pasi.

Si kwamba utakuwa umepiga pasi mwenyewe chumbani, kwa sababu pasi, mishumaa, birika za umeme na nyaya nyingi za kugawa umeme hukatazwa. Baharini moto unaogopwa kuliko dhoruba.

Bili tugawane vipi bila kugombana?

Kila mtu afungue hesabu yake mwenyewe kwa kadi yake. Ndani ya meli hulipi kwa fedha taslimu; unaonyesha kadi ya chumba tu, na hapo ndipo mikono inapokuwa myepesi. "Leo nalipa mimi, kesho wewe" ni tamu siku ya kwanza, lakini siku ya tano hakuna anayekumbuka zamu ya nani. Angalia salio lako kila jioni.

Kabla ya kununua vifurushi vya vinywaji, someni masharti: kampuni nyingi hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue, hata asiyekunywa. Asiyekunywa akiambiwa hivyo mkiwa mmeshapanda, mmemkosea. Bakshishi nayo kwa kawaida huongezwa kwenye hesabu kila siku, kwa kila kichwa. Kukandwa mwili ni ghali zaidi siku ya baharini. Mara nyingi bei hupunguzwa meli ikiwa bandarini, wengine wakiwa wameshuka.

Kwa nini kasino na maduka yalifungwa bandarini, leo yamefunguliwa?

Karibu na pwani meli huwa chini ya sheria na ushuru wa nchi husika. Bahari ya nchi inaweza kufika maili 12 za baharini, kama kilomita 22, kutoka ufukweni. Mkishaipita, milango hufunguliwa.

Mmoja wetu hajui kuogelea. Abaki nyumbani?

Asibaki. Bwawa si lazima, na safari yote inapendeza bila kulowa. Akitaka kuingia, aende na mwenzake, asitegemee kuwa lazima kuna mwokozi anayetazama. Na siku ya mawimbi maji ya bwawa huyumba pamoja na meli, hivyo hata anayejua aangalie.

Mbali na mawimbi, tutaona nini?

Kwanza, umbali wenyewe. Mtu aliyesimama ufukweni huona kama kilomita 5 tu hadi kwenye upeo. Macho yake yakiwa mita 30 juu ya maji, kama ilivyo kwenye sitaha ya juu, upeo husogea hadi karibu kilomita 20. Uko katikati ya duara kubwa lisilo na kitu, na duara hilo linasafiri nawe. Mara ya kwanza hali hii ilinitisha kidogo, sitaficha. Mara ya pili nikaanza kuitafuta.

Katika bahari za joto tazama chini karibu na omo asubuhi: panzi wa baharini, yaani samaki warukao, huchomoka majini wakikimbia meli, na huweza kuteleza hewani zaidi ya mita 100. Pomboo huja kucheza kwenye wimbi la omo kisha huondoka bila kuaga. Nyangumi huonekana kwanza kama moshi: ni pumzi yake ikipanda. Mwenye darubini ndogo ya mkononi huwa mfalme wa kundi siku hiyo.

Usiku, tafuteni kona isiyo na taa, mpe kila mmoja dakika 20 macho yazoee giza. Meli inawaka kama mji, kwa hiyo kona hiyo itafutwe mchana.

Kitu chochote mlichoshika kirudi nanyi chumbani. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, MARPOL, unakataza kutupa plastiki baharini popote pale, na hata bila mkataba, kitako cha sigara kikirushwa upepo huweza kukirudisha kwenye roshani ya jirani.

Rafiki mmoja kanuna. Tufanyeje?

Mwacheni kwa saa mbili. Meli ni kubwa, lakini hawezi kwenda mbali. Kisha aende mtu mmoja, asiende na wajumbe, ampelekee kikombe cha kitu cha moto na akae naye bila hotuba. Msijadili jambo lake kwenye kundi la ujumbe wa simu. Baharini ujumbe huchelewa, huja kwa mafungu, na "sawa" iliyofika kabla ya sentensi yake imeshawahi kutuzulia kesi.

Tusimame upande gani kutazama jua likizama?

Inategemea meli inaelekea wapi. Ikienda kaskazini, magharibi iko kushoto kwako ukitazama omoni. Ikienda kusini, iko kulia. Ikienda mashariki, nendeni sitaha ya nyuma na mtaliona likizama juu ya mkondo mweupe ambao meli inauacha. Saa ya kuzama huandikwa kwenye ratiba ya siku. Fikeni dakika 20 kabla, kwa sababu nafasi nzuri za relini huisha.

Upeo ukiwa safi kabisa, bila wingu wala ukungu, tazameni ile sekunde ya mwisho: ncha ya juu ya jua huweza kugeuka kijani kwa kitambo kidogo, kwa kuwa hewa hupinda rangi za mwanga kwa viwango tofauti. Msilikodolee jua kabla halijabaki kipande chembamba, litawaumiza macho. Sisi tumeisubiri rangi hiyo jioni kumi na moja. Wawili kati yetu wanaapa kuwa wameiona, na ni wale wale waliokosana juu ya kitabu.